Babu Stipe, aliyenifundisha kusema matokeo kwa Kikroatia

Tuelewane kwanza: huku ughaibuni, kutoka Parramatta mpaka Penrith, hakuna Mswahili anayekijua Kikroatia kunizidi mimi. Kama yupo ajitokeze kwenye comments nimfunge mabao.

Maneno ninayo kama kumi na tano hivi, na shule niliikimbia Form Two. Lakini yananitosha mechi nzima na dakika za nyongeza.

Sasa aliyenifundisha, Babu Stipe wa timu yetu pale Rooty Hill, amefariki Jumatatu asubuhi. Hiyo sentensi nimeiandika na kuifuta mara nne. Kichwa kinaikataa.

Kwa wasiomjua, ni yule mzee wa soksi nyeupe na makubazi, aliyefua jezi zetu na kutukana marefa. Macho yalishachoka, goli la mbali alikuwa halioni kabisa. Kwa hiyo kila dakika mbili anakuvuta shati: "Koliko je?" Ngapi ngapi?

Siku ya kwanza nikamjibu kwa Kiingereza. Akaninyima maji! "Kiingereza ni cha benki na daktari. Mpira unasemwa Kikroatia."

Basi darasa likaanza pale benchi, na benchi nilikaa sana (kocha alikuwa na wivu). Nula, sifuri. Jedan, hiyo j unaitamka y, ndiyo moja. Dva, mbili. Tri, tatu. Nikauliza baada ya tri inakuja nini. "Usijisumbue, hamtafika."

Namba kubwa inatangulia, halafu unasema ni ya nani. Dva–jedan za nas, mbili moja, yetu. Za njih, yao wale. Sare ni neriješeno, neno ambalo wiki nzima liliufanya ulimi wangu utake POP kama mfupa uliovunjika.

Tatizo letu lilikuwa salamu. Goti likimuuma haji uwanjani, anabaki nyumbani na mimi ndiye nampigia matokeo. Sasa mimi mtoto wa Tanga, simu kwangu inaanza na shikamoo. Umeshindaje, Babu? Goti je? Dada Ana hajambo? Ana ni binti yake.

Upande wa pili mzee anapiga kelele: "Mali! Koliko je? Unataka kuniua?" Mali ndivyo alivyoniita, yaani wewe mdogo.

Mwisho akanishtukia. Tukishinda namwambia hapohapo, tukifungwa ndiyo nazunguka na salamu. Akamwambia Ana mbele yangu, "Huyu akiulizia hali ya paka wangu, jua tumepigwa tatu."

"Babu, wewe huna paka."

"Ndiyo maana najua."

Wiki iliyopita nilikwenda kumwona wodini. Amekonda, mkono una mipira ya dawa, ila mdomo uleule. Mechi ya Jumapili ilikuwa ya mwisho: sare tunabaki ligi, tukifungwa tunashuka. Akanishika kidole. "Unipigie wewe. Siyo Ana, siyo kocha. Silali mpaka umepiga."

Nikamwambia, Babu, nitakufungia mimi mwenyewe. Mdomo wangu huu.

Jedan–nula za njih. Moja bila, yao. Na dakika ya mwisho tulipata penalti. Mpigaji nani? Bingwa wa Kikroatia hapa. Mpira ulikwenda kugonga gari la mtu kwenye parking.

Kwenye treni ya kurudi Penrith simu nilikuwa nayo mkononi, jasho linanitoka mpaka kioo hakishiki vidole. Nafungua jina lake, nalifunga. Nafungua, nalifunga. Nilijua nikitamka tu shikamoo, atakuwa ameshajua.

Ana akatuma message: "Baba anauliza." Baada ya robo saa akatuma nyingine: "Yuko macho, anasubiri."

Jamani, niliigeuza simu kifudifudi kwenye kiti.

Jumatatu akanipigia analia. "Jana jioni nilitoka kuchukua kahawa. Narudi, amelala, simu iko kifuani. Hakuamka tena. Mliongea?"

Nikasema tuliongea. Lilitoka lenyewe, hata sikulisukuma.

Akashusha pumzi ndefu. "Afadhali, Shabani. Afadhali. Basi aliondoka anajua."

Kesho ndiyo mazishi, na Ana ameniweka kwenye ratiba ya kanisani. Nisimame, niseme matokeo kwa Kikroatia kama nilivyomwambia mzee, halafu niwaambie watu alinijibu nini. Anaamini maneno ya mwisho ya baba yake ninayo mimi.

Kazini foklifti naiendesha kama nimebeba mayai, supervisor kaniuliza kama naumwa. Shati la kesho nimelipiga pasi mara tatu.

Majibu nimeshatunga matatu. Moja zuri mno, kanisa zima lingelia. Nalijaribu mbele ya kioo cha bafuni na kila mara anayesikika ni mimi, siyo yeye.

Na simu yake anayo Ana. Akiifungua tu, ataona.

Babu yangu Stipe, pumzika. Uliwafulia jezi vijana wasio wako, ukawatukana kama wajukuu. Hakuna kocha aliyewahi kuningojea kama wewe.

Dada Ana, chini hapa kuna kitufe cha kutafsiri na najua utakibonyeza, kwa hiyo nasema kabla ya kesho. Hakuna alichonijibu. Alisubiri mpaka usingizi ukamchukua. Sikupiga.