Marahaba Niliyoitoa Nikiwa Fesi

Mwenzenu jana nilitamani ardhi inimeze. Tangu mitumba ijae sokoni Soni nina koti nililolinunua huko, na mfukoni mwake nilikuta kijitabu chenye picha za Fesi, mji wa kale wa Moroko. Jana, nikiwa kwenye mizani ya majani ya chai Mponde, ukungu ulishuka, nikafumba macho, nikasafiri. Nilipita vichochoro na malango ya buluu, watoto wa Fesi wakanikimbilia kuniamkia. Nikawashika vichwa: "Marahaba, mwanangu. Marahaba."

Nilipofumbua macho, kiganja changu kilikuwa juu ya kilemba cha mama yake Agnesi, aliyeinama kutua kikapu chake cha chai. Mshenga wangu alikuwa aende kwake leo kuniposea Agnesi.

Mama akainuka taratibu. "Nisamehe, baba, nimechelewa kukuamkia," akasema. "Shikamoo."