Chokaa ya Idi

Wahenga walisema akufukuzaye hakwambii toka. Hawakuwahi kutawaliwa na Waingereza. Sisi wa Arusha tuliambiwa toka kwa maandishi, karatasi ikabandikwa sokoni, na aliyeibandika alitutazama kama anayengoja shukrani.

Mtaa wetu ulikuwa kati ya soko na mto Themi. Walikaa humo Waislamu waliotoka kila upande, Tanga, Kondoa, Ujiji, watu waliokuja kupika, kushona na kuuza. Nyumba zao zilikuwa za miti na udongo, zimeezekwa madebe yaliyopondwa. Ya mama yangu ilikuwa na vyumba vitatu. Aliijenga mwenyewe baada ya baba kumwacha, kwa kukaanga maandazi miaka tisa, na mimi nilirudi humo na mwanangu mgongoni ndoa yangu ilipovunjika. Hatukuwa na kwingine.

Tangazo lilisema mtaa ni mchafu na unaleta maradhi. Uchafu ulikuwepo siku zote na haukumsumbua mtu, mpaka viwanja vya kando ya mto vilipotakiwa kwa nyumba za saruji za watu wenye hati. Wanawake wa Kiarusha waliotuletea maziwa kutoka Moshono walisikiliza habari hizo bila kushangaa. Mmoja, aliyezoea kumwita mama "yeyo" kama anavyomwita mama yake, alitua kibuyu akasema kwao wazungu walishachukua malisho, sasa wamebakiza kuchukua vibaraza. Mama hakucheka.

Tulikutana uani kwetu, wanawake wengi kuliko wanaume, maana wanaume waliogopa kufukuzwa kazi. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili na mdomo mwepesi. Nilijua kusoma, basi nikajiona najua kila kitu. Tulikubaliana barua iandikwe kwa Bwana DC, na mwalimu wa chuo cha Kurani akaiandika kwa mwandiko mzuri. Jibu halijafika hadi leo. Tukakubaliana pia kwamba kerani wa mji akija, mtu yeyote asitaje jina lake. Jina likishaingia kwenye kitabu cha serikali, nilisema mimi, umekubali kuhama. Watu wakaitikia, nami nikavimba kichwa.

Kerani akaja na kopo la rangi nyekundu. Alipouliza majina tukamtazama kama mabubu. Basi akachora namba ukutani kando ya kila mlango, akaandika namba hiyo hiyo kitabuni, na mahali pa jina akapaacha wazi. Alisema namba ni kwa faida yetu. Nani angemwamini? Mwaka uliotangulia nyumba za kando ya barabara zilichorwa vivyo hivyo, na haikupita wiki mbili zikalazwa chini. Yetu iliandikwa kumi na saba.

Ramadhani ilikuwa imebakiza siku sita. Kwetu nyumba haipokei Idi na kuta chafu. Kila mwaka tulinunua chokaa, tukaikoroga na chumvi ili ishike isichafue nguo, tukapaka kwa brashi ya katani. Mimi ndiye niliyesema mwaka huu tupake mapema, mtaa mzima siku moja, tuzifunike namba zao. Sheria gani inamkataza Mwislamu kupaka chokaa? Tulicheka sana siku ile, saumu na yote.

Mama alikataa. Alisema, "Cha serikali hakifutwi, mwanangu. Kiache kikae, tuone mwisho wake."

Nikamwambia uoga ndio uliotufikisha hapa. Nilimwambia hivyo mama yangu mzazi, mbele ya wenzake. Akanikabidhi brashi.

Jioni mtaa wote ulikuwa mweupe isipokuwa nyumba moja, ya jirani yetu aliyefiwa na mumewe. Alikuwa amekaa eda, na mwenye eda hapambi nyumba wala haendi vikaoni, kwa hiyo ujanja wetu haukumhusu. Nilipopita mlangoni kwake nikaiona ile namba nyekundu, nikamhurumia.

Siku ya nne baada ya Idi kerani alirudi na kitabu chake na askari wawili. Mtaa utavunjwa, alisema, hilo halina mjadala. Lakini kila nyumba yenye namba itapewa kiwanja upande wa Levolosi. Atapita mlango kwa mlango, mwenye nyumba asimame kando ya namba yake, ndipo jina lijazwe.

Kitabuni hamkuwa na jina hata moja, kwa shauri langu. Ukutani hapakuwa na namba, kwa shauri langu pia. Jirani mmoja alikimbilia rangi ya viatu akajichorea ya kwake, akapelekwa bomani kwa kughushi. Tulimwambia kerani kwamba sote tunajuana, amuulize yeyote. Akajibu kuwa siku aliyouliza hakuna aliyekuwa na jina.

Mama aliingia ndani akatoka na kisu cha jikoni, akaanza kukwangua. Chokaa ilikuwa imeshika barabara. Chumvi niliipima mwenyewe. Kerani alingoja, lazima nikiri kwamba alingoja, kalamu mkononi. Ikatokeza ncha nyekundu ya ile moja. Mama akaongeza nguvu, na udongo ukabanduka pamoja na rangi, ukamwagika miguuni pake. Alipiga magoti akaanza kuvipanga vile vipande chini, kimoja kimoja.

"Mama, ukuta wako hausemi kitu," kerani alisema, akasogea mlango wa pili.

Mjane alisimama kando ya namba yake akapata kiwanja. Sisi wengine tulivunjiwa wiki hiyo hiyo. Alipomaliza eda na kujenga, alimpa mama chumba cha uani, na mama akaishi humo mpangaji, yeye aliyekuwa na vyumba vitatu. Mimi nilikwenda kuchuma kahawa kwenye mashamba ya wazungu chini ya Meru, nikalala kambini na mwanangu. Kule mtoni zilijengwa nyumba za saruji, zikapandiwa maua mbele. Wapo wanaosema tulipigana vizuri. Hao hawakuvunjiwa. Nawachukia waliotutoa, sitasema vinginevyo, lakini kila nikianza kuwalaani nakutana na brashi mkononi mwangu. Mama hakunilaumu hata mara moja, na hilo liliniuma kuliko matusi.

Idi iliyofuata nilikuja kumsaidia. Nyumba ya mjane nayo ilichorwa namba kando ya mlango. Mama alipaka kuta zote mwenyewe, na alipofika kwenye namba akaizunguka taratibu, akaacha udongo mtupu upana wa kiganja kila upande. Nilinyoosha mkono nimpokee brashi. Akaificha nyuma yake.

"Wewe kaa," alisema. "Kaa tu, mwanangu."