Manjano Kwenye Rejeta

Aibu hii niliwaficha watoto wangu mpaka wakaisikia kwa watu wengine, tena ikiwa imetiwa chumvi, kwa hiyo nimeona heri niieleze mwenyewe, maana katika mambo yote yaliyotokea siku ile hakuna aliyekosea ila mimi. Kama umewahi kunisikia nikiitwa Bwana Manjano pale msikitini ukadhani ni jina la ukoo, si la ukoo.

Ilikuwa miaka ya hamsini, mimi kijana niliyemaliza darasa la kumi, karani wa ghala moja bandarini, suruali ya kaki imepigwa pasi hadi inasimama yenyewe, na nina gari. Tuseme nina gari na nusu. Bodi ilikuwa ya kigari kidogo cha Kiingereza nilichokinunua hakina injini, na injini ilikuwa ya lori lililopinduka njia ya Morogoro, tukaviunganisha mimi na rafiki yangu Sefu uani kwao, Mtaa wa Kongo, miezi saba mizima. Boneti ilikataa kufunga kwa ukubwa wa injini, nikaishikiza kwa kamba ya katani, na watu wa Kariakoo walipoona tumbo lile wakaliita gari langu Mjamzito. Tena injini yenyewe ilikuwa na joto la ajabu, rejeta ndogo ya mbele haikuitosha, basi nikabuni (na hapa ndipo usomi wangu ulipojionyesha) tangi la pili la maji, nikaliweka chini ya kiti cha nyuma, nikatoboa sakafu kwa patasi, nikapitisha mpira chini kwa chini mpaka kwenye rejeta. Mafundi wa Ilala walikuja kulitazama tangi lile wakaondoka wanacheka. Mmoja aliniambia, "Bwana karani, siku likivuja hilo usituite. Tutakuja wenyewe kutazama."

Sasa Sefu akaposa Ilala, kwa Mzee Kombo. Mzee Kombo alikuwa mtu wa reli, mtu wa saa mfukoni, na alikuwa amekwisha kumkataa Sefu mara moja kwa sababu kila alipopita Mtaa wa Kongo alimwona yuko chini ya gari pamoja na mimi, miguu tu ndiyo iko nje. Mara ya pili alikubali kwa shida, akatoa masharti: bwana harusi aje kwa miguu na watu wake kama walivyokuja baba zake, na awe mlangoni kabla ya adhana ya alasiri. Ikiadhiniwa hajafika, yeye mzee atakwenda zake kuswali, na habari ya ndoa itakuwa imeishia hapo.

Kutoka Kariakoo mpaka Ilala si safari ya kumchosha mtu. Lakini mimi niliona haya rafiki yangu aende kuoa kwa miguu na mimi nina gari, au niseme kweli, nilitaka wale mafundi wa Ilala waone Mjamzito anaingia mtaani kwao na bwana harusi ndani.

"Mzee kasema miguu," Sefu akaniambia.

"Mzee hajaliona gari likiwa limeoshwa," nikamjibu.

Sefu akakubali, kwa sababu alikuwa ananiamini, na mpaka leo sijui kwa nini.

Siku ilipofika, mama yake, Bi Zuhura, alimvalisha kanzu ya marehemu baba yake, kanzu nyeupe iliyodariziwa kifuani kwa mkono kule Unguja, iliyokaa sandukuni na karafuu miaka mingi ikiisubiri siku hiyo. Mimi niko nje nimeinamia boneti, nasikiliza mlio wa injini kama daktari. Bi Zuhura akatoka na masinia ya zawadi, akayapanga kiti cha nyuma, akaingia, akatoka tena, akaniambia jambo. Nikajibu, "Sawa, mama." Sikusikia hata neno moja, masikio yangu yote yalikuwa kwenye valvu. (Naomba muikumbuke hiyo "Sawa, mama".)

Nikazima injini, nikazunguka gari kulifuta vumbi, nikaona maji. Yanadondoka tone kwa tone chini ya gari, tena kutoka kwenye lile tundu langu la patasi hasa, pale mpira wa tangi unapopita. Nikawaona kichwani mwangu mafundi wa Ilala wamejipanga barabarani wanatazama. Mtu mwingine angemwambia Sefu, "Bwana, gari linavuja, tutembee," na saa ile bado ilikuwapo nafasi ya kutosha. Mimi nikamwambia nakwenda dukani mara moja.

Dereva mmoja wa malori pale bandarini aliwahi kunieleza kwamba rejeta ikivuja njiani, mimina ndani unga wa manjano, utakwenda wenyewe kutafuta ufa na kuuziba. Nikaingia duka la Mhindi wa pembeni nikaomba ratili nzima.

"Ratili nzima?" akauliza. "Unapika mchuzi wa mtaa?"

"Ni ya gari."

Akanitazama, akatazama nje, akaliona Mjamzito. "Kwetu nampa mtoto mwenye kikohozi, na maziwa ya moto," akasema, akipima. "Gari maziwa usiipe."

Nikaimimina yote. Dereva alisema kijiko, lakini mimi nilifikiri, kama kijiko kinaponya, ratili itaponya zaidi. Nikafunga kifuniko, nikanawa mikono, nikamfungulia Sefu mlango wa mbele kama mtu asiye na jambo.

Tukaondoka. Mbele wanaume na dufu, wakiongozwa na Maalim Hatibu, nyuma wanawake na Bi Zuhura, na katikati sisi wawili ndani ya Mjamzito, tunakwenda mwendo wa mguu, maana huwezi kuwapita watu wa dufu. Injini ya lori haipendi mwendo huo. Upepo haupiti, maji hayapoi, na ile ratili yangu ilikuwa imekwisha kugeuka uji ndani ya rejeta. Tulipofika kona ya Msimbazi, pale penye wapagazi na wauza machungwa, moshi mweupe ukatoka kila upande wa boneti. Nikasimamisha gari. Dufu likanyamaza. Nikainama chini, maji bado yanadondoka palepale.

"Inavuja?" Sefu akauliza.

"Kidogo tu. Njoo unishikilie boneti."

Shuleni nilifundishwa vizuri kabisa kwamba maji yanayochemka ndani ya chombo kilichofungwa hutafuta pa kutokea, na katika mtihani nilipata alama nzuri. Nikashika kifuniko kwa tambara nikakizungusha.

Yalipanda juu kuliko mabati ya duka lililokuwa karibu nasi, ya njano tupu, mazito, yananukia mchuzi, na yalipochoka kupanda yakarudi chini kama mvua. Mimi niliungua kifundo cha mkono, alama iko mpaka leo. Wengine yaliwafikia yamepoa, hakuna aliyeumia, lakini Sefu alikuwa amesimama katikati, mikono yote miwili juu imeshika boneti, na kanzu ya baba yake iliyapokea yote.

Kisha mpagazi mmoja, gunia likiwa bado kichwani, akasema taratibu, "Jamani, Mjamzito kavunja chupa. Muiteni mkunga."

Hapo Msimbazi nzima ilicheka, na mimi nikajitia kuinama kutafuta ufa ili nisitazamane na Sefu. Maalim Hatibu akaja kuinama kando yangu, kofia yake imekuwa rangi ya ndizi mbivu. Akakinga kidole chini ya lile tone, akakishika, akakinga tena.

"Mwanangu," akasema, "hii rejeta yako inachemka juu na inavuja maji ya baridi."

Nikakinga na mimi. Baridi kama ya kisima, wallahi.

Wakati huo Bi Zuhura alikuwa amefika. Hakumtazama mwanawe kwanza, alifungua mlango wa nyuma, akainua gunia lililokuwa sakafuni chini ya masinia, likamwaga maji na maranda ya mbao. "Barafu yangu ya sharbati," akasema. "Si nilikwambia nimeiweka nyuma, tuwahi isije ikayeyuka? Ukanijibu, sawa, mama." Ndipo akageuka akaiona kanzu.

Gari langu halikuwa linavuja hata tone.

Tulimwacha Mjamzito palepale anatoa mvuke, tukaenda kwa miguu, tena mbio, dufu linapigwa kama la kufukuza wezi. Mzee Kombo alikuwa mlangoni, saa mkononi. Alimtazama Sefu kuanzia kofia mpaka viatu, na sisi wote nyuma yake na madoa yetu. Mle ndani, bibi harusi alikuwa amesingwa kwa liwa na manjano siku saba, kama desturi inavyotaka ili ngozi ing'ae, na somo yake, yule aliyemfunda, alipochungulia dirishani akamwona bwana harusi amekuja wa njano zaidi, aliwaambia wenzake bila kuteremsha sauti, "Njooni muone. Kumbe na wao wamemsinga wa kwao."

Wanawake wakapiga vigelegele na vicheko pamoja. Mzee Kombo hakucheka. "Nani kafanya hivi?"

Nikasogea mbele. "Mimi, mzee. Sefu alitaka kuja kwa miguu kama ulivyosema. Gari lilikuwa shauri langu."

"Na mmekujaje?"

"Kwa miguu, mzee."

Akaitazama saa yake muda mrefu, akaifunga. "Basi sharti limetimia," akasema. "Tawadheni, mnanuka mchuzi." Na kabla hatujamaliza kuvua viatu adhana ikaanza.

Ndoa ilifungwa na iko mpaka leo, wana wajukuu. Kanzu ndiyo haikupona. Bi Zuhura aliifua kwa sabuni ya mche na madoa ya manjano yakageuka mekundu, akaianika juani siku nyingi, yakafifia, hayakutoka. Nilimpelekea mpya, akanishukuru sana, akaitia sandukuni, na ile ya zamani akaiweka juu yake. Hakunilaumu hata siku moja, na ningependa angenilaumu. Sefu huivaa kila Idi, amefunga koti mpaka juu, na tukipeana mikono hunifungulia kishikizo kimoja tu, nione.

Magari ya siku hizi hudondosha maji ya kiyoyozi. Vijana wa mtaani wananijua. Wakiniona nimesimama kando ya gari lenye maji chini, wananiletea kiti, kwa sababu wanajua nitainama, na magoti yangu si ya kuinama tena. Nainama hivyo hivyo. Nakinga kidole kwanza. Na mke wangu akiniambia jambo, hata kama redio inatoa habari, naizima, namwambia, "Rudia, mama, sikukusikia."