Kidole cha Mama Mkwe

Nilipokuwa karani wa benki mjini Kigoma, watu walinijua nikiwa nyuma ya kioo. Shati jeupe, tai shingoni, na foleni iliyofika mlangoni. Sitaficha, nilizipenda zile foleni. Wavuvi, walimu, wauza mawese, wote walisubiri nimalize chai yangu. Nyumbani Ujiji shangazi zangu walinitambulisha kwa wageni kama "kijana wetu wa benki", nami nilijifanya sisikii.

Kisha simu zikaanza kufanya kazi yangu. Mtu anatuma, anapokea, analipa umeme akiwa kitandani. Benki nyingine nazo zikaja, kila moja ikajaza mawakala mitaani, kibanda hiki kikitazamana na kile. Ukumbi wetu ukabaki na feni na kamba za kupangia foleni ambayo haipo. Ndipo meneja, kijana mpole kuliko habari anazoleta, akaniambia dirisha langu linafungwa. Nitoke niwafuate wateja sokoni. Nikifikisha idadi ya akaunti mpya mwisho wa mwezi, mkataba wangu utaendelea. Nisipofikisha, sentensi hiyo hakuimalizia.

Nikapewa mwavuli, tisheti yenye nembo iliyonibana tumboni, mashine ya kusoma alama za vidole, na kipaza sauti. Nikapangiwa soko la Mwanga, upande wa mafundi cherehani.

Sasa nieleze kuhusu mama mkwe wangu. Mke wangu ni Muha, asili yao Kidahwe. Kwetu Ujiji tunampa mkwe mkono, tunakula naye na kucheka naye. Kwao sivyo. Nilipooa, mjomba wao aliniweka chini akanieleza: mama mkwe humshiki mkono, humkazii macho, hupazi sauti mahali anaposikia. Nilicheka kimoyomoyo lakini nikafuata, na miaka ilivyopita nikaanza kuipenda desturi ile. Nikifika uani kwake nilikohoa, yeye akajifunika khanga, akaingia ndani, tukasalimiana kupitia dirishani. "Shikamoo mama." "Marahaba baba. Watoto hawajambo?" Hakuna mwingine aliyewahi kuniheshimu namna ile, hata enzi za kioo.

Nilijua ana kibanda cha uwakala wa benki nyingine, tena ile tunayogombania nayo wateja. Nilichokuwa sijui ni kwamba mwavuli wangu ungetazamana nacho uso kwa uso.

Asubuhi ya kwanza nilimwona akihudumia watu, miwani puani, akimsalimu kwa Kiha, "mwakeye", kila aliyeshuka kutoka vijijini. Aliponitambua alivuta khanga kichwani, akageuza kiti, akanipa mgongo. Tangu hapo wateja ikabidi wazunguke mlango wa nyuma, ili yeye asinitazame na mimi nisimtazame. Wengine walichoka kuzunguka, wakaenda kwa wakala mwingine. Aibu ilinipanda mpaka masikio yakawa ya moto.

Kipaza sauti nikakiacha kwenye begi. Nitapazaje sauti pale? Na nikipaza niseme nini, kwamba watu wamwache yeye waje kwangu? Nikakaa kimya kama muuza majeneza. Fundi mmoja akanitania, "Mzee wa benki, umekuja kufungua akaunti au kukaa matanga?" Jioni meneja akipiga simu kuuliza idadi, nilimwambia mtandao unasumbua. Niliomba kuhamishwa, akasema kwingine kote kuna wenzangu tayari. Mwezi ukaenda, na mimi nikaanza kuwaza ada za watoto.

Wiki ya mwisho nikakitoa kile kipaza sauti. Nikakipa kibanda chake mgongo, nikafungua karatasi tuliyopewa, nikasoma yote bila kufikiri: akaunti ni bure, haina makato ya mwezi, achana na mawakala wanaokukata, njoo benki yenyewe. Sauti yangu ilienda soko zima. Nilipogeuka, mafundi walikuwa wamesimamisha cherehani. Walijua yule ni nani kwangu. Wazee wa Kidahwe waliokuwa kibandani kwake walinitazama, wakatikisa vichwa, wakaangalia chini. Nilitamani ardhi ipasuke.

Yeye hakugeuka. Lakini mchana watu wakaanza kuja mwavulini. Mama wa ndizi, muuza samaki wa migebuka, dereva wa bodaboda.

"Mama pale ametuambia tuje," alisema yule wa ndizi. "Anasema wewe ni mkwe wake, kazi yako iko mashakani."

Alikuwa ananitumia wateja wake mwenyewe. Niliwasajili mmoja mmoja. Kumtukana mkwe hadharani ilikuwa aibu, lakini kusaidiwa naye baada ya kumtukana ilikuwa aibu kubwa zaidi, na bado niliupokea ule msaada, kila mteja, sikumrudisha hata mmoja.

Siku ya mwisho ilibaki akaunti moja. Watu walishaanza kufunga vibanda. Ndipo alipotoka, akavuka njia, kitambulisho mkononi, khanga imefunika uso mpaka puani.

"Shikamoo mama," nilisema nikiangalia meza.

"Marahaba baba. Niandikishe na mimi."

Akaweka kidole kwenye mashine. Ikakataa. Akakifuta kwenye khanga, akaweka tena, ikakataa. Vidole vyake vilishasuguka kwa jembe na kukamua mawese. Kwa wateja wa aina hiyo nilizoea kukishika kidole mwenyewe, nikakikandamiza na kukizungusha kidogo, ikakubali.

"Mama, basi," nilimwambia. "Tuache tu."

"Shika," akasema taratibu. "Wajukuu zangu watakula heshima?"

Nikashika. Mkono wake ulikuwa mkavu na wa moto. Mashine ikalia, ikakubali. Mafundi waliinamia sindano zao wakijifanya wanatunga uzi.

Mkataba wangu uliendelea. Ijumaa iliyofuata mimi na mke wangu tulikwenda kwake, nimebeba sukari na kitenge cha kuombea radhi. Nikasimama uani kama kawaida, nikakohoa, nikasubiri aingie ndani. Hakuingia. Alikuwa barazani, kichwa wazi, anachambua maharage. Alinitazama usoni, akaninyooshea mkono.

"Karibu, wakala mwenzangu," akasema. "Vuta kigoda."

Mke wangu anasema nifurahi, mama amenizoea. Mimi kila nikifika uani bado nakohoa, nikisubiri ajifunike.