Jashoda na Nyumba Isiyoficha Kitu

Jashoda, mke wa Himatlal mwenye duka la vitambaa Thika, hakuwa mwanamke wa kulialia. Walikaa nyuma ya duka, giza tupu, moshi wa jiko ukizunguka mpaka macho yanawasha. Lakini kule mwisho kabisa palikuwa na kijichumba chenye mlango. Kila mwezi siku zake zilipofika, desturi ya kwao ilimkataza kugusa jiko, maji ya kunywa na mahali pa ibada. Basi aliingia humo na mkeka wake, akashona, akalala mchana kama malkia. Kamene, Mkamba aliyewafulia nguo, alikaa kizingitini akimpa habari za mji. Wanaume hawakuuliza yuko wapi. Mlango ukifungwa, walijua wanyamaze.

Mwaka wa hamsini na sita shemeji yake, Ajit, akarudi kutoka London. Alikuwa amesomea kuchora majumba, lakini ukimsikiliza ungedhani alisomea kuhubiri. Himatlal alikuwa na kiwanja Ruiru, njia ya Gitothua, na kila jioni Ajit alimtandazia kaka yake ramani mezani.

"Nyumba ni fikra, Bhai. Ukuta unafundisha watu kufichana. Ondoa ukuta, umemwondolea mtu uongo."

"Na wezi je?" Himatlal akauliza.

"Mimi nasema falsafa, wewe unasema makufuli!"

Kisha akamgeukia shemeji yake, Jashoda, aliyekuwa akimimina chai. "Bhabhi, nyumba hii ni ya kumkomboa mwanamke. Sema, unahitaji nini?"

Tangu aolewe hakuna aliyemuuliza hivyo. Alihitaji kitu kimoja tu, lakini atakitaja vipi mbele ya mume na shemeji? Akavuta sari kichwani.

"Kijichumba huko nyuma. Chenye mlango. Cha… cha kuweka achari."

Ajit akacheka mpaka akapiga meza. "Achari nayo inaona haya? Nitakupa kabati, Bhabhi, refu mpaka juu!"

Kesho yake, kwenye karai la nguo, Kamene alimsikitikia. "Si ungemwambia tu, mama?"

"Mwanaume? Kwa mdomo gani?"

"Haya, basi utakaa kabatini."

Wakacheka wote wawili. Kicheko hicho kilikuja kumtokea puani.

Nyumba ikaisha: zege, paa bapa, vioo kutoka sakafuni mpaka juu. Jiko, sebule na mahali pa kulia vyote ukumbi mmoja kama ghala la kahawa. Hata vitanda vilitengwa kwa rafu za vitabu tu. Na kabati lilikuwapo, refu kweli.

Siku zake zilipofika, Ba, mama mkwe wake, alimsimamisha palepale. "Usisogee, jiko hilo. Huko usiende, miungu iko huko."

"Sasa nikae wapi, Ba?"

Bibi kizee akageuka huku na huku. Ukuta ulikuwa umeondoka. Desturi ilikuwa imebaki. "Nje," akasema.

Mkeka ukatandikwa barazani, upande wa pili wa kioo. Jumapili wageni wakaja kutoka Thika kuitazama nyumba. Wanawake walielewa mara moja, wakageuza macho. Gurbachan, Singasinga mwenye karakana, ambaye kwao hawana desturi hiyo, akauliza kwa wema tu:

"Bhabhi anaumwa?"

"Anaota jua," Ajit akajibu upesi, akaendelea kueleza jinsi nyumba isiyoficha kitu inavyozaa watu wasioficha kitu.

Jashoda alisikia. Akainuka, akasimama mlangoni.

"Siumwi wala sioti jua, Gurbachanji. Niko katika siku zangu. Kile chumba cha achari kilikuwa cha mambo haya. Ajitbhai, nijengee ukuta."

Ba akajifunika uso. Gurbachan akatazama viatu vyake. Ajit, yule bwana wa ukweli mtupu, masikio yakamwiva.

"Huna haya, Bhabhi? Mbele ya wageni! Na ukuta hapo utaiua nyumba nzima."

Jashoda akamtazama mumewe. Himatlal akakohoa. "Ni siku chache tu. Vumilia."

Jashoda akakunja mkeka, akavuka uani mpaka chumba alichopewa Kamene walipohamia. Hicho fundi alikijenga haraka haraka kwa mawe yaliyobaki, bila ramani: kuta nne, dirisha dogo, mlango. Huko falsafa haikufika.

"Karibu, mama," Kamene akasema, akiondoa sufuria kitandani. Kisha akauona mkeka. "Na mimi?"

"Una dada yako Gatongora."

"Leo?"

"Leo, na kila mwezi."

Kamene alimtazama kama mtu asiyemjua. Jashoda alijua anachofanya, na alikifanya. Akangoja mwenzake akunje blanketi lake, atoke. Kisha akafunga mlango.