Miguu Miwili Chini ya Gari

Watoto wa shule walimwita Taratibu, na jina likamganda mpaka walimu nao wakalichukua. Alikuwa seremala wa shule, mzee wa ovaroli la bluu na penseli sikioni, na hakuwahi kupiga msumari kwenye kiti kabla ya kukitikisa, kukizunguka, na kukitikisa tena. Kutengeneza dawati moja kulimchukua asubuhi nzima. Walimu walimtania kwamba akianza kulikarabati mtoto yuko darasa la kwanza, atakayelikalia ni mjukuu wake. Alicheka pamoja nao. Hawakujua kwamba zamani, kwa miaka kumi na moja, alikuwa fundi magari, na mwepesi kuliko wote.

Jumamosi moja alasiri alirudi nyumbani na kipande cha mbao kwapani. Alipofungua geti la bati aliliona gari la binti yake limesimama uani, pua juu, gurudumu la mbele la kushoto limetolewa. Chini yake ilitokeza miguu miwili. Mmoja ulikuwa na kandambili, mwingine umebaki peku.

Binti yake alikuwa mkunga, akizunguka zahanati mbili zilizo mbali mbali kwa barabara mbovu. Gari lilikuwa likigonga kwa mbele tangu juma lililopita. Fundi wake alimwambia kwamba mipira ya bushi kwenye mkono wa chini, chuma kinachoshika gurudumu, imekatika, kisha akaenda likizo. Binti alikuwa amekwisha kununua mkono mpya. Wazo la kuufunga mwenyewe lilimjia asubuhi hiyo, na hakumwambia mtu.

Mzee alitazama kilicholishikilia gari. Ilikuwa jeki ndogo ya kwenye buti la gari, basi. Imesimama juu ya udongo mtupu, karibu na bomba la maji ambapo ardhi haikauki, na tayari imelalia upande mmoja.

Alitaka kupiga kelele, akajizuia. Binti akishtuka, atajigonga. Aliiweka mbao chini bila sauti, akapiga magoti.

"Mama," alisema polepole, kama alivyomwita tangu utotoni. "Unanisikia?"

"Baba! Shikamoo. Umewahi leo."

"Marahaba. Iache spana hapo ilipo."

"Dakika moja tu, naona kama inataka kukubali. Hii bolti ina kiburi, sijawahi kuona."

"Usivute. Nasema usivute. Iache, utoke kwa mgongo, na usiliguse gari."

"Baba na taratibu zako," alisema akicheka. Lakini kuna kitu alikisikia kwenye sauti ya baba yake, maana kicheko kilikatika pale pale. Miguu ikaanza kusogea. Yakaja magoti, kiuno, mikono iliyopakaa grisi. Kichwa kilipotokeza tu, mzee alimkamata makwapani akamburuta hadi ukutani, blauzi ikachanika.

"Baba, vipi tena?"

Mzee alirudi kuitazama jeki, akashika ubavu wa gari ainame, na gari likasogea. Jeki ililala. Upande wote wa kushoto ulishuka kwa kishindo kimoja, sahani ya breki ikazama kwenye udongo. Kandambili ya binti ilibaki chini ya chuma.

Mkewe alitoka jikoni mbio na mwiko mkononi. Alimkuta binti amejikunyata ukutani, ameziba mdomo kwa viganja vyote viwili, na mumewe ameketi chini.

"Kuna nini? Nani kaumia?"

"Hakuna," alisema mzee. "Safari hii hakuna."

Ndipo alipowasimulia. Kwenye karakana alikuwa na mwenzake waliyemwita Twiga, kwa sababu gari liwe kubwa namna gani, miguu yake ilibaki nje. Siku hiyo walishindwa na bolti kama hii. Twiga aliingia chini aishike nati isizunguke na bolti. Yeye alibaki nje, akachomeka bomba refu kwenye spana ili apate nguvu. Alisema, jeki haikukaa vizuri. Twiga akamwambia, tumefanya hivi mara ngapi, vuta. Akavuta kwa uzito wake wote. Bolti haikufunguka. Gari ndilo lililokuja.

"Nilimwambia tajiri wa karakana kwamba jeki iliteleza yenyewe," alisema. "Polisi wakaandika hivyo. Mimi ndiye niliyevuta."

Mkewe aliuweka mwiko chini. "Ndiyo maana hukwenda mazishini. Ulisema una malaria."

"Ndiyo."

Miaka ishirini na sita walikuwa wamelala kitanda kimoja, na hakuwahi kumwambia.

Binti alisema basi, waache, atatafuta fundi mwingine.

"Kwa Jumatatu utampata wapi?" mzee alimuuliza. "Nakujua. Utaliendesha hivyo hivyo, gurudumu lijikunje njiani na wewe uko mwendoni. Kesho asubuhi tutaifungua hiyo bolti."

Jirani yao, fundi wa kuchomea vyuma, aliwaazima jeki kubwa na stendi nne nzito za chuma. Asubuhi mzee alitandika mbao nene ardhini, akalipandisha gari kwa mbele, akalishusha juu ya stendi, mbili kila upande. Alikuwa amekwisha kusukuma mawe nyuma ya matairi ya nyuma. Gurudumu lililotolewa akalilaza chini ya bodi, ili hata stendi zikikataa, gari liangukie hilo kwanza. Kisha akalitikisa gari kwa nguvu zake zote, akalizunguka, akalitikisa tena. Binti safari hii hakucheka.

Jirani alikuwa ameuliza mbona wasichome bolti kwa moto, itatoka mara moja. Mzee alikataa, bomba la petroli lilipita kiganja kimoja tu kutoka pale. Wakaisugua kutu kwa brashi ya waya, wakamimina mafuta ya kulegeza kutu, wakasubiri. Mzee akagonga kichwa cha bolti kwa nyundo, vipigo vidogo vidogo, ili mafuta yapenye. Wakamimina tena.

Kichwa cha bolti kilifikika kutoka nje. Nati ilikuwa ndani, upande wa chini, na ilitaka spana ya kuizuia.

"Niingie niishike," alisema binti.

"Hakuna wa kuishika. Spana itaegeshwa kwenye fremu, ijizuie yenyewe. Hakuna mtu atakayekuwa chini wakati wa kuvuta." Aliipangusa spana kwa kitambaa. "Ni kitu chepesi hivyo. Hata siku ile tungeweza."

Lakini wa kuiegesha ilibidi aingie. Mzee alilala chali na spana kifuani, akajisukuma mpaka bodi ikamfunika uso, akatoka. Akajaribu tena, akatoka akihema. Mkewe, aliyekuwa amesimama mlangoni, alikuja akachuchumaa karibu naye, akamshika kifundo cha mguu.

"Nimekushika," alisema. "Nenda."

Akaingia. Chini mle palinuka mafuta na udongo mbichi. Aliona chuma juu ya pua yake. Spana ilimponyoka mara mbili, ikamwangukia kifuani. Mara ya tatu ilikaa kwenye nati, ikaegemea fremu. Alitoka jasho likimchuruzika hadi kwenye kope.

Mkono ulishikwa na bolti mbili; ya mbele, isiyo na nati, ilifunguka bila shida. Ya nyuma ndiyo iliyokuwa na kiburi. Walichomeka bomba, wakavuta wote wawili wakiwa nje, na haikusogea hata kidogo. Wakamimina mafuta, wakasubiri, wakavuta. Hakuna kitu. Mzee akakumbuka jambo la zamani: akaisukuma kwanza kwa upande wa kukaza, kidogo tu, ndipo akairudisha.

Kwaa!

Bomba lilimponyoka. Mzee alijitupa chini, akaficha kichwa kwa mikono, akapiga ukelele ambao jirani aliusikia kupitia ukuta. Alisubiri kishindo. Hakikuja.

"Baba." Binti alikuwa amemwinamia. "Ni bolti, baba. Imekubali. Tazama, gari liko pale pale."

Hakuinua kichwa mara moja. Alipoinuka alikwenda kushika stendi moja moja, zote nne, kwa kiganja, na machozi yalikuwa yakimtoka bila sauti.

Mkono mpya uliingia kabla ya saa sita. Jumatatu binti alikwenda zahanati, na gari halikugonga.

Twiga alikuwa ameacha dada, aliyekuwa akiishi upande wa pili wa mji. Jumamosi iliyofuata mzee alimwomba mkewe wafuatane. Mbele ya mlango wa dada huyo alisimama muda mrefu, mkono umeinuliwa, hapigi hodi. Mkewe ndiye aliyepiga.

Aliyasema yote akiwa amesimama, hata kiti hakukipokea. Dada alisikiliza hadi mwisho, mikono mapajani.

"Mama yangu alikufa akijiuliza," alisema hatimaye. "Kwa nini hukuja yeye akiwa hai?"

"Niliogopa."

"Miaka yote hiyo?"

"Hata sasa naogopa, dada."

Hakumfukuza wala hakumsamehe. Alimwambia kwamba Twiga aliacha mtoto wa kike, siku hizi ni mama wa watoto wawili, na ana haki ya kuyasikia kwa mdomo wa mzee mwenyewe, si wa shangazi. Angemwita aje kwake Jumapili.

Mzee aliitikia. Kurudi walikwenda kwa miguu, ingawa ni mbali, na mkewe hakumhimiza mwendo. Jumapili, kabla jua halijawa kali, alivaa shati lake jeupe, akatoka kwenda kwa dada wa Twiga.