Maiki inayofuta kelele

Sijawahi kumwambia mtu yeyote: huwa naimba jikoni na kujirekodi kwa simu.

(Msinicheke.)

Leo nimeenda Mkuyuni kutafuta maiki ya bei nafuu. Muuzaji akanionyesha moja ndogo, ya kubana kwenye kola.

"Hii ina programu yake ya kufuta kelele, mdogo wangu. Una wimbo kwenye simu nikuonyeshe?"

Kwa aibu nikampa wa mwaka juzi. Akausikiliza kwanza, akausafisha, akaupiga kwenye spika, duka zima likasikia.

Sauti yangu ilitoka safi, kama ya redioni.

"Umeona? Kutwanga kote kumekwisha. Na yule bibi aliyekuwa anakupigia kelele, hayupo."

Yule bibi ni bibi yangu. Alikuwa akitwanga karanga huku akinitania, "Imba kwa nguvu, au hukushiba?"

Tulimzika mwaka jana.

"Kaka, naomba uurudishe ulivyokuwa."

Akaniangalia, akaurudisha. Mchi ukasikika tena, na bibi pia.

Maiki nimeinunua. Nilipofika nyumbani Kiseke nilimwomba mama atwange karanga, nikaimba pembeni yake, ile programu nikaiacha imezimwa.